Wapishi wa Dodoma, mwenye kisukari naye anapenda kitu kitamu

Ndugu Mhariri,

Mbukwenyi! Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kwa wapishi wenzangu wa Dodoma, na kwa wale wanaotuita kupika kwenye semina, harusi, kipaimara na misiba. Katika shughuli zetu mtu mwenye kisukari tumemwachia mambo mawili tu: ale kila kilichopikwa kisha akaumie kwake, au akae na chupa ya maji huku wenzake wakilamba vidole. Ipo njia nyingine, ni rahisi, haimalizi bajeti ya mtu, na iko mikononi mwetu sisi wa jikoni.

Mimi nilianza na umama lishe pale Sabasaba, siku hizi napika chakula cha shughuli nikitokea Nkuhungu. Tangu Serikali ilipohamia hapa, mji wetu umekuwa mji wa vikao. Saa nne asubuhi ni chai na maandazi, vitumbua, kipande cha keki; mchana pilau na soda; alasiri chai tena. Mfanyakazi mwenye kisukari anayetumwa semina ya wiki nzima hana cha kuchagua, kwa sababu tumeshamchagulia tangu alfajiri tulipobandika sufuria.

Chukulia chai peke yake. Wengi wetu tunaitia sukari jikoni, kisha ndiyo tunamimina kwenye chupa. Ikishafika mezani, hakuna awezaye kuitoa. Kwangu chai hutoka jikoni haina sukari kabisa. Bakuli la sukari na kijiko vinakaa pembeni ya chupa, na kikaratasi kimeandikwa "Chai haina sukari, jiwekee". Wateja wawili watatu walinung'unika mwanzoni. Sasa sukari inabaki bakulini narudi nayo nyumbani, maana kila mtu anatia kipimo chake, na kipimo cha wengi ni kidogo kuliko kile kinachomwagwa na mkono wa mpishi.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima, hata asiye na kisukari, sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu anayoipata kwenye chakula cha siku, na ni bora zaidi ikiwa nusu ya hapo. Hiyo nusu ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Chupa moja ya soda ya kola ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35. Kwa hiyo mgeni aliyepewa soda moja tu amekwisha kupita kipimo hicho kabla hajagusa keki.

Najua jibu la waandaaji: "Basi, wenye kisukari tutawapa juisi ya matunda." Hapa Dodoma juisi yenyewe huwa ya zabibu, na tunajivunia. Mimi pia najivunia zabibu zetu, lakini juisi yake ina sukari kama gramu 15 katika kila mililita 100. Glasi iliyojaa inakaribiana na ile soda, na mara nyingi inaizidi. Kuandika kwamba haikuongezwa sukari ni kusema kweli, ila haimaanishi kwamba sukari haimo. Shirika la Afya Duniani linaihesabu sukari ya juisi pamoja na ile ya kwenye mfuko, kwa sababu ukishakamua tunda, nyuzinyuzi zinabaki kwenye chujio na sukari inakwenda tumboni haraka.

Sasa nifike kwenye asali, na hapa naomba nisikilizwe kwa makini, kwa sababu nimezaliwa Manyoni katika nyumba ya mfuga nyuki. Baba alitundika mizinga kwenye vichaka vya Itigi, na mpaka leo asali ya huko naitambua kwa harufu. Siku hizi mjini kuna keki zinauzwa kwa jina la "keki ya wenye kisukari", na ukiuliza imewekwa nini, unaambiwa asali badala ya sukari, au sukari guru, au tende nusu kilo. Watu wanazinunua kwa bei ya juu kwa ajili ya wazazi wao, kwa upendo kabisa, na mzee anakula vipande vitatu kwa amani ya moyo. Asali kwa sehemu nne kati ya tano ni sukari. Sukari guru ni sukari ya miwa ambayo haijasafishwa, basi. Tende kavu theluthi mbili yake ni sukari. Ni vyakula vizuri, vina ladha ambayo sukari nyeupe haina, na hata mimi tende natumia, mbili tatu, kwa hesabu. Lakini damu ya mwenye kisukari haitofautishi sukari iliyotoka kwa nyuki na ile iliyotoka kiwandani. Anayeuza keki ya asali kwa jina la dawa anamdhuru mtu aliyemwamini, na naomba tuache.

Ninalo jambo la nyumbani linalonifanya niandike kwa uchungu. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ni mwalimu mstaafu anayeishi Mpwapwa, na kisukari chake ni cha miaka mingi. Kwenye harusi moja ya ukoo alinyoosha mkono kuchukua kipande cha keki, na mama mmoja, tena kwa nia njema, akapaza sauti: "Mwalimu, weka chini hiyo, wewe una sukari!" Meza nzima ikageuka. Aliweka chini. Watu aliowafundisha kusoma walikuwa wamekaa meza ya pili. Baadaye aliniambia mwenyewe kwamba alipofika nyumbani usiku ule alikula maandazi yaliyobaki jikoni, amesimama, taa imezimwa. Nimesikia habari za namna hiyo kwa wengi: anayenyimwa mbele za watu anakwenda kula kwa siri, na anayekula kwa siri hapimi kipande wala hapimi damu. Ndiyo maana sikubali tukisema kwamba suluhisho ni kumkataza. Mtu mzima ana haki ya kumaliza mlo wake kwa kitu kitamu, amekaa na wenzake, bila mtu kumpigia kelele.

Basi niseme ninavyopika.

Ninachokitegemea zaidi ni kastadi ya mayai, si ile ya unga wa kopo. Kwa watu sita nachukua nusu lita ya maziwa freshi, mayai matatu, iliki iliyotwangwa upya, ganda la chungwa, chumvi kidogo sana, na tende ndogo kavu tatu zilizolowekwa na kusagwa. Maziwa yanachemshwa na iliki na lile ganda, yanapoa kidogo, kisha yanamiminwa polepole juu ya mayai yaliyopigwa huku mkono mwingine unakoroga, vinginevyo mayai yatagandia palepale. Unachuja, unatia zile tende, unajaza vikombe vidogo, unavipanga ndani ya sufuria yenye maji yanayofika nusu ya kikombe. Funga kitambaa kwenye mfuniko ili matone ya mvuke yasidondokee ndani. Moto wa mkaa uwe mdogo. Maji yakitokota kwa nguvu kastadi inatoboka matundu na kutoa maji. Baada ya dakika kama 20 itikise: pembeni imeshika, katikati inacheza kidogo. Iko tayari. Sukari ya maziwa yenyewe pamoja na ya tende, ukigawa kwa sita, ni gramu 6 au 7 kwa kikombe, chini ya vijiko viwili vya chai. Linganisha na pudini ya maziwa mazito ya kopo tuliyoizoea kumbini, ambayo yale maziwa peke yake zaidi ya nusu ni sukari.

Jambo moja nililojifunza kwa kuonja: usiipe watu imetoka kwenye friji. Ulimi uliopoa unausikia utamu kidogo, ndiyo maana aiskrimu hutiwa sukari nyingi hivyo. Kitu chenye sukari kidogo kiandae kikiwa na uvuguvugu, au cha joto la kawaida, na ule utamu mdogo uliopo utasikika wote. Iliki, mdalasini, kungumanga na vanila navyo havina sukari ya maana, lakini tangu utotoni tumevizoea ndani ya vitu vitamu, na harufu yake pekee inaukumbusha mdomo. Nilipoanza kuongeza iliki wageni wakawa wanauliza nimetia sukari kiasi gani.

Ya pili ni keki ya karanga, isiyo na unga wa ngano wala sukari ya kuongezwa. Vikombe viwili vya karanga zilizokaangwa na kumenywa, zinatwangwa mpaka ziwe unga, na uache kabla hazijatoa mafuta. Mayai manne: viini vinapigwa pamoja na ndizi mbivu mbili ndogo zilizopondwa, mdalasini na chumvi, ute unapigwa peke yake mpaka uwe povu jeupe linalosimama. Unachanganya karanga na viini, halafu unaingiza povu kwa mwiko, polepole, kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa povu hilo ndilo litakaloinua keki. Nani ana oveni? Mimi naoka kwenye sufuria kubwa lenye mchanga chini, mkaa mwingi juu ya mfuniko na mchache chini. Ukikata vipande 12, kimoja hakifiki nusu ya wanga wa andazi. Ila karanga zina mafuta na nguvu nyingi, kwa hiyo kipande kiwe kimoja, hasa kwa aliyeambiwa apunguze uzito. Na useme mapema kwamba ni karanga, kwa ajili ya wale zinaowadhuru.

Kuhusu karanga hizo, tuchague kwa macho na kwa mikono. Sisi wa mikoa ya kati sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, hatukuisoma vitabuni. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na karanga nazo hushambuliwa na ukungu uleule. Zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zile zinazochachuka ukitafuna, tupa. Usiseme moto utaziua, kwa sababu kukaanga hakuiondoi hiyo sumu yote. Karanga za Kongwa zikiwa zimekaushwa vizuri hazina mfano, na mimi naongeza bei kidogo nipate zilizochaguliwa.

Mvua zikiisha, maboga yanajaa sokoni Majengo na bei inashuka. Boga lina wanga mdogo kuliko watu wanavyodhani wakionja utamu wake. Likate vipande vikubwa, lipike kwa maji machache, likikaribia kuiva mimina tui zito la nazi, iliki na chumvi kidogo, liache linywe tui mpaka likaukie. Watu wa pwani wanalipika hivi siku zote na wanatia sukari; bila sukari, boga likiwa limekomaa vizuri, halidai kitu.

Zabibu zenyewe, nzima, ni kitu kitamu kisichohitaji mpishi. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, hatuna kisingizio. Punje 15 hivi, kutegemea ukubwa, zina wanga wa gramu 15, kwa hiyo unazihesabu, unaziosha, unazikausha, unazitia kwenye friza. Zikiganda mtu hawezi kuzibugia. Anamung'unya moja moja na mazungumzo yanaendelea. Zabibu kavu ni habari nyingine. Maji yamekwenda, sukari imebaki, na kiganja kimoja ni sawa na sahani ya zabibu mbichi.

Ubuyu tunao kila kona, ila ule mwekundu wa kwenye vijaluba umepakwa sukari, usimpe mwenye kisukari. Unga mweupe wa ubuyu ninauchanganya na parachichi lililoiva, maziwa mgando na ndizi moja mbivu kwa watu sita, unapata kitu kizito chenye uchachu mzuri. Watoto wanagombania.

Kuna wanaoniuliza juu ya vile vidonge na unga wa kutia utamu usio wa sukari unaouzwa madukani. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilitoa ushauri kwamba visitumike kama njia ya kupunguza uzito, lakini ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari, kwa hiyo mwenye kisukari aongee na daktari wake. Mimi binafsi sivitumii. Ni ghali, baadhi vinapoteza utamu vikipikwa, na vinaufanya ulimi uendelee kudai utamu uleule wa zamani. Mdomo hujifunza. Shemeji yangu siku hizi akionja soda anasema inamkereketa.

Lakini ndugu zangu, tusidanganyane. Kikombe cha kastadi hakifuti kilima cha pilau kilichotangulia. Kinachopandisha sukari ni wanga wote wa mlo, wali, ugali, ndizi, chapati, viazi, hata ugali wa dona na wa mtama ambao watu wanadhani hauna hesabu. Ndiyo maana kwenye meza yangu naweka sahani ndogo pia, na mboga za majani naziweka mwanzo wa mstari, kabla ya wali. Mlenda ukitangulia, tumbo linakuwa limeshapata kazi. Na anayeweza kupata kipima sukari apime saa mbili baada ya kula chakula kipya ajue mwili wake unasemaje, maana watu hatufanani. Shemeji alipima baada ya keki ya karanga, akapima siku nyingine baada ya maandazi, na tangu hapo sina haja ya kumhubiria.

Jambo la hatari nimeliacha huku ili lisichanganywe na mapishi. Wapo wanaotumia sindano za insulini, au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamaidi, ambao sukari yao inaweza kushuka ghafla kama wamechelewa kula. Kwenye shughuli zetu chakula kuchelewa ni kawaida. Bwana harusi anasubiriwa mpaka saa kumi. Ukimwona mtu anatetemeka, anatokwa jasho jembamba, anaongea maneno yasiyoeleweka, usimkimbizie kastadi yangu wala karanga. Huyo anahitaji sukari yenyewe, upesi: vijiko vitatu au vinne vya chai kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15, kama hajakaa sawa rudia, kisha apate chakula. Akiwa amepoteza fahamu usimtie chochote mdomoni, tafuta gari aende hospitali. Kwa sababu hiyo, pamoja na yote niliyosema juu ya soda, chupa moja ya soda ya kawaida haikosi kwenye kikapu changu, na wasichana wangu wote wanajua inakaa wapi.

Sasa ombi langu. Wapishi, kila shughuli tuweke sinia moja la kitu kitamu chenye sukari kidogo, likae katikati ya meza pamoja na mengine, lisitengwe pembeni na kibao cha wagonjwa. Kikaratasi kiandikwe kilichomo na kiasi: "Maziwa, mayai, tende tatu kwa vikombe sita." Mwenye kisukari atasoma na kuamua mwenyewe, na asiye nacho atakula pia, kama wanavyokula kwangu mpaka inabidi nifiche vikombe vichache nyuma kwa ajili ya wanaochelewa. Na nyinyi waandaaji wa semina na kamati za harusi, mnapotuagiza mnatuuliza soda kreti ngapi na kuku wangapi. Tuambieni pia wageni wangapi wana kisukari, chakula kitatoka saa ngapi hasa, na muondoe ile kauli kwamba chai isiyotiwa sukari jikoni ni ubahili. Ukiniambia siku mbili kabla, mayai na maziwa ninayo.

Mpishi wa shughuli,
Nkuhungu, Dodoma